Besi kavu kwenye IST: boksi, milango, waya na kuseti, hatua kwa hatua

Wakuu, kama umefunga sabufa kwenye gari na ukiweka singeli unasikia "vuuuuu" moja kuanzia wimbo unapoanza mpaka unapoisha, kaa hapa kidogo. Mi nimeishi na hiyo vuuuu karibu mwaka mzima. Nina Toyota IST, nikaenda Kariakoo nikachukua sabufa ya inchi 12 ikiwa imeshafungwa kabisa kwenye boksi lake, kapeti jeusi, tundu mbele, fundi akaifunga kwenye gari kwa masaa mawili akaweka amapiano, kioo cha nyuma kikatetemeka, jamaa wa kijiweni wakatikisa vichwa, nikalipa nikaondoka roho kwatu. Siku ya tatu nikaweka singeli ndo nikajua nimenunua mvumo. Dramu ya mguu haisikiki, kuna kitu kinanguruma tu huko nyuma kama jenereta la jirani.

Piga hesabu ndogo. Singeli inakimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Chukua wimbo wa mapigo 240, hayo ni mapigo manne kila sekunde, maana yake kati ya pigo na pigo una robo sekunde. Ndani ya hiyo robo sekunde sabufa inatakiwa isukume, irudi, afu itulie kabla lingine halijafika. Ikiwa bado inayumba, pigo la pili linalikuta la kwanza halijatoka mlangoni na hapo ndo unapata uji. Amapiano ina noti ndefu za besi kwa hiyo inasamehe sana, nadhani ndo maana ukienda kufunga mziki wanapenda kukujaribishia nayo. Besi kavu ni besi inayojua kunyamaza, na karibu kila kitu nitakachoandika huku chini kinahusu kuinyamazisha kwa wakati.

Hatua ya 1: zima kabla hujanunua

Usitoe hata mia kwanza. Kaa kwenye gari, ingia kwenye ikwalaiza ya redio, rudisha kila kitu sifuri. Zima lodinesi, kile kitufe cha redio kinachonyanyua besi. Zima na ile sijui super besi ambayo redio nyingi za Android za Kichina zinakuja imeshawashwa. Kisha nenda kwenye amplifaya utafute besi busti uizungushe mpaka sifuri. Hicho kitufe mara nyingi kinanyanyua eneo la karibu 45 Hz (mitetemo 45 kwa sekunde), na kila desibeli 3 unazoongeza ni nguvu maradufu, kwa hiyo ukikipeleka mpaka desibeli 12 unaiambia amplifaya itoe mara 16 ya ilichokuwa inatoa pale. Haina hizo nguvu. Inachofanya ni kukata vichwa vya mawimbi, sabufa inapokea mawimbi yasiyo na vichwa, inakoroma, koili (waya uliosokotwa ndani ya sabufa) inachemka, siku moja unasikia harufu ya kuungua unadhani ni klachi ya gari la mbele.

Sasa weka wimbo uleule usikilize tena. Itakuwa chini kidogo, na masikio yatalalamika siku ya kwanza, lakini sikiliza kama mapigo yameanza kutengana. Kuna mtu ataishia hapa na hatohitaji kusoma mbele. Mi sikuwa na bahati hiyo.

Hatua ya 2: boksi

Hapa ndo penye kazi na hapa sitaharakisha. Sabufa ya kawaida kwenye boksi sahihi inaiaibisha sabufa ya bei mbaya iliyo kwenye boksi la kubahatisha, nimeliona hilo kwa macho yangu, tena ni sabufa ileile moja, niliyoibadilisha ni mbao tu.

Boksi lenye tundu linafanya kazi kama chupa unayoipuliza mdomoni. Hewa ya kwenye tundu inaimba kwenye masafa yake, tuseme 40 Hz, na pale inakupa sauti kubwa ya bure. Shida ni kwamba wimbo ukishanyamaza ile hewa bado inayumbayumba. Likipigiwa hesabu vizuri kwa ajili ya sabufa husika linaweza kuwa safi kabisa, siwasemi vibaya watu wa matundu, lakini yale ya kununua tayari unakuta boksi la vipimo vilevile linauzwa na sabufa tano za kampuni tofauti, sa hiyo hesabu ilipigwa kwa ajili ya ipi? Halafu chini ya masafa ya tundu koni, ile sahani ya sabufa inayotikisika, inakosa kitu cha kuishika, inakwenda mbele na nyuma ovyo, na ndo hapo zinapasuka.

Boksi la kuziba halina tundu. Hewa iliyofungiwa ndani inakuwa springi, koni ikienda mbele inavutwa, ikirudi nyuma inasukumwa, kwa hiyo inasimama haraka. Watu wanalikataa wakisema halishuki chini. Nje ya gari wana hoja kidogo, ila kwenye gari kuna msaada ambao wengi hawaujui: wimbi la 40 Hz lina urefu wa kama mita 8 na nusu, na IST nzima kuanzia bampa hadi bampa haifiki mita 4. Wimbi likiwa refu kuliko chumba, chumba kilichofungwa kinaanza kulinyanyua, na kadiri unavyoshuka ndo linanyanyuliwa zaidi. Boksi la kuziba linapunguza taratibu, kama desibeli 12 kila masafa yakishuka nusu, na kagari kadogo kanarudisha sehemu kubwa ya kilichopungua. Boksi la tundu linaporomoka mara mbili ya hapo, desibeli 24.

Ujazo sasa. Angalia karatasi iliyokuja na sabufa, mara nyingi wameandika ujazo wa boksi la kuziba. Kama imeandikwa kwa futi za ujazo zidisha mara 28.3 upate lita. Inchi 12 nyingi zinataka kati ya lita 20 na 35, inchi 10 kati ya 14 na 22. Ikiwa karatasi ina zile herufi Fs, Qts na Vas, kuna programu ya bure kwenye kompyuta inaitwa WinISD, unaziingiza inakuchorea mstari, unatafuta ujazo unaokupa Qtc ya karibu 0.7, hicho ni kipimo cha sabufa inavyotulia ikiwa ndani ya boksi. Ikipita 1 ujue itavuma. Na hapa watu wanakosea: wanasikia "kuziba" wanatengeneza kaboksi kadogo kama ka viatu wakidhani ndo itakuwa kavu zaidi. Boksi dogo kupita kiasi linapandisha hiyo Qtc, unapata uvimbe pale juu na mvumo unarudi kwa mlango mwingine.

La kwangu ndani ni sentimita 40 kwa 35 kwa 25, hiyo ni lita 35, sumaku na kikapu cha sabufa vinakula kama lita 3, zinabaki 32 hivi. MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18. Vipande ni hivi: viwili vya 43.6 kwa 38.6 kwa ajili ya mbele na nyuma, viwili vya 43.6 kwa 25 juu na chini, viwili vya 35 kwa 25 pembeni. Kabla hujakata pima kina cha sabufa yako kuanzia kwenye ringi mpaka mgongo wa sumaku, usije ukafika mwisho sumaku inagonga ukuta wa nyuma, na iachie pumzi ya sentimita chache.

Kukata nilienda Keko kwa mafundi samani, maana wana mashine na kona zao zinanyooka, ukikata kwa msumeno wa mkono utajutia kwenye kuziba. Mzee aliyenikatia akaangalia mchoro wangu muda mrefu, akaugeuza, akauliza, "Kijana, hili kabati mlango wake uko wapi?" Nikamwambia, "Halina mlango mzee wangu, likivuja hewa hata kidogo halifai." Akafikiri. "Kumbe unataka tenki." Akaongeza gundi bila kuambiwa.

Na ni tenki kweli. Gundi nyeupe ya mbao kila kiungo, toboa kwanza kwa drili nyembamba kabla ya skurubu kwa sababu MDF inapasuka ubavuni, skurubu kila baada ya sentimita 10 hivi. Ndani pitisha silikoni kwenye kona zote na kuzunguka tundu la tamino, pale waya zinapoingilia kwenye boksi, halafu liache boksi wazi mpaka ile harufu ya siki iishe kabisa, siku nzima au mbili, usifungie sabufa humo na mvuke wa silikoni. Weka na mti mmoja ndani unaounganisha kuta mbili kubwa, ukigonga ubavu kwa ngumi usikie mbao ngumu. Chini ya ringi ya sabufa weka utepe wa sponji.

Kupima kama linavuja: sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, ukizunguka pembeni na siyo kwenye kofia ya katikati, ukiachia irudi kama inajivuta kwenye asali. Ikiruka juu haraka kuna tundu. Kulitafuta, washa kijiti cha udi, piga sauti ya 30 Hz kwa sauti ya wastani, pitisha moshi taratibu kwenye viungo vyote. Palipo na tundu moshi unarukaruka. Mi langu lilikuwa linavuja kwenye tamino za waya, nikawa na gari linanukia kama chumba cha bi harusi, ila nilipata.

Ndani unaweza kujaza nyuzi za mito, zile za polista, robo kilo mpaka nusu kwa boksi la ukubwa huu, zimechambuliwa zisikandamizwe. Hewa inajiona iko kwenye boksi kubwa kidogo na mlio unakuwa mlaini. Sufi iache kwenye mto, ina vumbi na vumbi likiingia kwenye koili ni kesi nyingine.

Hatua ya 3: amplifaya na omu

Haraka haraka. Wati za kusoma ni za RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, ile "3000W" kubwa ya rangi ya dhahabu juu ya kifuniko ni urembo. Usipoiona RMS angalia fyuzi zilizochomekwa kwenye amplifaya. Ina fyuzi ya ampia 30? Zidisha na volti 13.8 upate wati 414 zinazoingia, hata kama ni klasi D, aina inayopoteza umeme kidogo, itapoteza kama asilimia 20, zinazotoka ni 330 hivi. Muuzaji anaweza kubisha lakini fyuzi haibishi. Kwa inchi 12 moja kwenye boksi la kuziba ndani ya IST, wati 300 mpaka 500 za kweli zinatosha na utabaki na chenji.

Omu, yaani ukinzani wa koili kwa umeme: koili moja ya omu 4 haina maneno. Koili mbili za omu 4 ukiziunga sambamba unapata 2, ukiziunga kwa mfululizo unapata 8. Soma amplifaya inakubali mwisho ngapi. Ukipima kwa mita usishtuke kuona 3.4 badala ya 4, ndivyo inavyosomeka sabufa ikiwa imetulia.

Hatua ya 4: umeme

Amplifaya ya wati 500 ikisukumwa inavuta kama ampia 45. Ikikosa umeme katikati ya pigo, pigo linalegea, ndo ile besi inayoanza kwa nguvu inaishia kama mtu aliyekatwa pumzi. Waya kutoka betri mpaka buti uwe namba 4, yaani milimita 21 za mraba hivi, na uwe shaba tupu. Huku kwetu waya nyingi nene za bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Chukua kisu ukwangue uzi mmoja, ukiona weupe ndani umeshajua. Aluminiamu inapitisha kama asilimia 60 ya shaba, kwa hiyo kama huna jinsi nunua nene zaidi.

Fyuzi kuu iwe ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Hiyo inalinda gari lisiwake moto waya ukichubuka kwenye bati la injini, kwa hiyo mtu akikwambia amplifaya ina fyuzi yake tayari usimkubalie. Na pale waya unapopita kuingia ndani weka raba.

Erthi, waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi la gari, ndo iliyoniua mimi. Nilipima gari likiwa linawaka: kwenye betri volti 14.2, kwenye amplifaya mziki ukiwa juu 13.1. Volti nzima imepotelea njiani. Nikafuata waya mwekundu wote nikakuta hauna tatizo, nikafungua erthi nikakuta imefungwa bolti juu ya rangi, rangi haijakwanguliwa hata kidogo, ilikuwa inapitisha kwa kubahatisha kwenye meno ya skurubu. Nikakwangua mpaka bati likang'aa, nikafunga upya kwa waya mfupi wa unene uleule, ikapanda 13.9. Bolti za mikanda ya siti usizitumie, tafuta sehemu nyingine ya bodi. Waya za RCA, zile zinazoleta mziki kutoka redio, zipitie upande wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme, la sivyo utasikia injini ikiimba nawe.

Hatua ya 5: milango ya mbele, ndiyo, milango

Watu wengi hawanielewi hapa. Lile pigo linalokugonga kifuani halitoki lote kwenye sabufa. Sabufa inatoa uzito wa chini, lakini ule mgongo wa dramu ya mguu, kati ya 80 na 150 Hz hivi, unatoka kwenye spika za milango ya mbele. Kama milango imekufa, utabaki unapandisha sabufa ukitafuta kitu ambacho hakimo humo.

Fungua plastiki ya mlango. Utakuta bati lina matobo makubwa yamefunikwa na nailoni. Spika ikisukuma mbele, mgongo wake unavuta nyuma, na sauti ya nyuma inapita kwenye matobo hayo inaikuta ya mbele zinauana. Ziba. Tumia mikeka ya butili yenye bati la aluminiamu juu, moja kwenye bati la nje la mlango, nyingine ikifunika matobo ya bati la ndani. Kuna watu wanatumia utepe wa lami wa kuziba paa linalovuja, ni rahisi kweli, ila gari likilala juani Dar mwezi wa Februari ile lami inatoa jasho, inanuka na inateremka. Usizibe vitobo vya chini kabisa vya mlango, maji ya mvua yanayopita kwenye raba ya kioo yanatokea hapo.

Gonga mlango kwa kidole kabla na baada. Kabla utasikia "ting", kama sufuria. Baada utasikia "tup". Rafiki yangu alifunga mlango wangu mara tatu mfululizo ili tu asikie ulivyokuwa mzito. Spika zenyewe, kama bado ni zile za karatasi za kiwandani za inchi 6 na nusu, zibadilishe ukipata nafasi, lakini ziba mlango kwanza, unaweza kujikuta unaahirisha kuzinunua.

Hatua ya 6: geini na krosova

Geini haihusiani na sauti kubwa, inalinganisha redio na amplifaya tu. Unahitaji mita ya kawaida na sauti ya majaribio ya 50 Hz kwenye simu au flashi. Chomoa waya za sabufa kwenye amplifaya. Geini sifuri, busti sifuri. Redio ipandishe mpaka robo tatu ya mwisho wake, kama mwisho ni 40 iweke 30. Mita iweke volti za AC, iguse kwenye matokeo ya amplifaya. Sasa wati unazotaka zidisha kwa omu utafute kipeuo cha pili: wati 300 kwa omu 4 ni kipeuo cha pili cha 1200, volti 34.6. Wati 400 kwa omu 2 ni volti 28.3. Pandisha geini taratibu mpaka namba ifike, simama hapo. Ukikuta namba imefika geini ikiwa haijafika hata nusu usiumie roho, haimaanishi kuna nguvu nyingine umeziacha.

Kama bado una redio ya kiwandani ya Kijapani isiyo na matundu ya RCA, utaunga kibadilishaji kutoka waya za spika, utaratibu ni uleule, na uangalie redio yenyewe haianzi kukwaruza kabla ya hiyo robo tatu.

Krosova, inayogawa sauti za chini na za juu: sabufa, penye herufi LPF (inapitisha za chini tu), anza na 80 Hz. Milango, penye HPF (inapitisha za juu tu), 80 Hz pia, ili spika ndogo ziache kuhangaika na besi nzito. Chagua sehemu moja ya kukata, redio au amplifaya, ile nyingine ifungue mpaka mwisho, ukikata kote kuwili zinavurugana. Weka mtu anayeongea, taarifa ya habari inafaa sana. Ukisikia mtangazaji wa kiume anaongelea kwenye buti, LPF iko juu, shusha kidogo. Halafu usawa wa sabufa: ipunguze mpaka uone imepotea, ipandishe kidogo mpaka ihisike, basi. Siku mbili za kwanza utatamani kuongeza. Vumilia.

Hatua ya 7: fezi, na futi kamba

Fezi ni kuhakikisha sabufa na milango zinasukuma kwa pamoja. Hii ni ya bure na wengi hawaifanyi. Kaa siti ya dereva, weka wimbo wenye dramu ya mguu ya wazi, mtu akae nyuma abadilishe waya za sabufa, chanya kwa hasi. Mi nilimweka mdogo wangu kwenye buti, tukazima mziki kila anapobadili, akawa anapiga kelele "A!" na "B!" kama mwamuzi. Kwenye A sauti ya besi ilikuwa imetawanyika huko nyuma. Kwenye B ikasogea mbele, kama dramu imehamia kwenye dashibodi, na ikawa nzito zaidi bila kugusa chochote. Chagua inayosikika nzito pale karibu na 80 Hz ukiwa umekaa kitini, kwa sababu hapo ndipo milango na sabufa zinapopokezana, zikipingana zinakulana.

Redio yako ikiwa na sehemu ya kuingiza umbali wa spika, chukua futi kamba upime kutoka kichwani kwako. Kwa kuwa tunakaa kulia, mlango wa kulia uko karibu sana na sabufa iko mbali. Kila mita moja ya tofauti ni kama milisekunde 3, redio inachelewesha za karibu ili zote zifike pamoja. Ukishaingiza namba rudia tena A na B, jibu linaweza kugeuka.

Jaribu pia kuligeuza boksi. Kwenye hachibeki, sabufa kuangalia mlango wa buti mara nyingi inatoka vizuri kuliko kuangalia siti, lakini kila gari lina yake, dakika kumi za kuligeuzageuza hazina gharama. Ukipata pa kudumu lifunge kwa mkanda au bolti, boksi la kilo 20 na zaidi likiruka kwenye ajali halitaulizia nani kakaa siti ya nyuma.

Hatua ya 8: vinavyotetemeka

Besi ikishakuwa kavu ndo unaanza kusikia uchafu wote uliokuwa umefichwa na mvumo. Pata sauti inayopanda polepole kutoka 20 Hz mpaka 100, iache ipande, mwenzako azunguke akishika kitu kimoja kimoja: namba ya gari nyuma, plastiki za buti, kibao cha kufunika mizigo, vibanio vya mikanda. Kinachonyamaza kikishikwa ndo mkosaji. Namba ya gari weka vipande vya sponji nyuma yake. Na skurubu za ringi ya sabufa rudia kuzikaza baada ya wiki, MDF inalegea kidogo.

Mi nilibaki na "krrr" moja kwenye kama 52 Hz. Nikajua tayari, koili imekwaruza, pesa imekwenda. Nikaifungua sabufa, nikaiangalia, nikairudisha. Bado. Nikaifungua tena. Jumapili shemeji akapita nyumbani, akasimama pale na soda yake akiniangalia ninavyohangaika, akaniuliza, "Shem, jeki ya gari hili inakaa wapi?" Akanyanyua kapeti la buti, akaweka mkono mmoja juu ya jeki, krrr ikakata. Akaondoa mkono, ikarudi. Akaweka tena, huku anakunywa soda. Jeki sasa hivi nimeiviringishia fulana ya zamani.